Wimbo wa Mlangoni Kwenye Spika za Chuo

Mkolani, Mwanza

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mayu. Najua hapo umeitikia marahaba kwa sauti kana kwamba nimesimama mbele yako, na wifi Minza anacheka. Cheka tu wifi, ila kabla hujaendelea kusoma naomba ufunge mlango. Barua hii ni ya Mama na wewe. Kaka Masanja akiuliza inasemaje, mwambie watoto wanaota meno na wanaharisha. Atachoka kusikiliza mwenyewe.

Mgongo unaendeleaje, Mama? Mama Sophi, huyu muuza dagaa aliyekuletea barua, aliniambia safari iliyopita alikukuta kwenye mpunga unapalilia huku umeshika kiuno. Waachie vijana jembe, tafadhali. Na Baba je? Ng'ombe wamerudi kutoka malishoni, au bado mnahangaikia maji? Tangu mhamie huko Mpanda kila nikiona ng'ombe barabarani nahesabu pembe nikidhani ni wetu. Huku kwetu mvua imenyesha mpaka yale mawe ya mlimani yanateleza kama yamepakwa sabuni.

Sisi wazima. Kulwa anaongea kutwa nzima, Doto hasemi kitu ila anauma. Juzi kamuuma jirani aliyekuja kuomba chumvi, jirani akaniambia, "Huyu wako mdogo mfungie kengele kama mbwa." Baba Kulwa bado yuko na lori lake Geita. Zamani akichelewa alikuwa anasingizia foleni ya kivuko pale Busisi. Sasa watu wanapita darajani, kisingizio kimekwisha, kwa hiyo kila Jumamosi yuko hapa na mkungu wa ndizi, kanyamaza kama mtoto aliyekamatwa. Mimi nimechoka, sikufichi. Kulea wawili unakujua. Lakini uchovu ninaokuandikia leo ni mwingine.

Mama, wimbo wako wa mlangoni, ule wa kuwaimbia mapacha, umetoka. Umepigwa hadharani, kwenye spika, mbele za watu. Na vijana wameuingiza kwenye simu zao, wanarushiana na kucheka. Nimeshindwa kukueleza kwa simu kwa sababu simu ni ya Kaka, na ile simu sehemu ya sikio imekufa, inaongea kwa kupaza tu, uani kote wanasikia. Lakini nataka jambo hili ulisikie kwangu kwanza, kabla Kaka hajapanda kile kichuguu chenu cha mtandao akashuka nao mfukoni, ukajisikia unatukana mbele ya Baba na wachungaji wake.

Nikueleze tangu mwanzo, na wifi ambaye hakuwepo apate kuelewa.

Unakumbuka kazi yangu ni ya maktaba ya chuo, kufuta vumbi na kurudisha vitabu mahali pake. Juu ghorofani, mwisho wa ukumbi, kuna chumba kinachotazama ziwa. Mlangoni wameandika Makusanyo Maalumu. Humo hakuna vitabu vya mtihani. Kuna vile vitu ambavyo havipatikani kwingine: picha za watu wakivuna pamba zamani, magazeti yaliyofungwa kwa kamba, ramani za bandari, na kanda kubwa kama visahani. Kanda hizo zilianzwa na mwalimu mmoja wa muziki, siku nyingi, kabla sijazaliwa. Alikuwa akizunguka vijijini kwa baiskeli na mashine mgongoni, akiwaomba wazee waimbe. Alipostaafu, kile chumba kikafa naye ingawa mwenyewe alikuwa hai. Wakatupia humo viti vilivyovunjika na nyavu za mpira wa miguu. Paa likavuja. Kanda zikaota ukungu.

Ndipo akaja dada Leonia kuwa mkutubi. Wifi, huyu dada Leonia ndiye ninayemzungumzia mpaka mwisho wa barua, basi mshike vizuri. Alitoa viti kwa mikono yake. Alianika magazeti kwenye kamba za nguo, ukurasa kwa ukurasa, akikaa chini yake na fimbo kufukuza kunguru. Kanda alizipanguza kwa pamba kama unavyopanguza masikio ya mtoto. Nami nilikuwa naye siku zile, tumbo likiwa mbele, nampokeza tu. Tulikula pamoja, sahani moja. Nilipojifungua alikuja na uji wa ulezi kwenye chupa ya chai, akamfunga Doto mgongoni mwake, akasema, "Pumzika Kabula, leo mimi ndiye mama." Sina dada wa kuzaliwa naye. Nikamchukua yeye.

Doto ameamka. Ngoja kidogo.

Nimerudi. Sasa Mama, ile siku uliyokuja kutuimbia mapacha hapa Mkolani unaikumbuka kuliko mimi, maana mimi nilikuwa ndani na homa ya maziwa. Lakini nilisikia kila neno lililosemwa mlangoni. Uliuliza wanawake mmoja mmoja, kama ilivyo desturi, nani kazaa wawili aingie, nani hajazaa wawili akae mbali. Dada Leonia akasogea mlangoni. Ukamwuliza, "Na wewe mwanangu?" Akajibu, "Nilizaa wawili, mama. Mmoja alikufa."

Hata mimi pale kitandani nilishtuka, kwa sababu pacha hafi, pacha huruka, na aliyembeba hawezi kulitamka lile neno jingine. Mama Shija, naye mzaa wawili, akaguna. Ni wewe uliyesema, "Mwacheni, amekulia mjini. Kwao labda ndivyo wanavyosema. Mtu aliyezika haulizwi mara mbili." Ukamshika mkono ukamwingiza.

Sikulaumu, Mama. Nakukumbusha ili ujue kwamba ulichofanya kilikuwa chema, na kitabaki chema.

Ukaimba. Yale matusi yote, ya kwa Baba Kulwa, ya kwangu, ya kwa mlango wenyewe, mpaka Mama Shija akalala chini kwa kicheko. Ulipomaliza dada Leonia alikuwa analia. Akakuomba urudie, akuchukue sauti, aiweke kule kwenye chumba chake. Ukakataa. Ulimwambia, "Wimbo huu ni uzio wa watoto. Mlangoni pa mapacha ni dawa, ukitoka hapo ni mdomo mchafu tu." Akakubali. Kisha akasema jambo lililokugusa, na mimi lilinigusa: kwamba mjini kuna mabinti wanazaa wawili na hawana mama wala shangazi wa kuwasimamia mlangoni, wanatazamana na ukuta tu. Ndipo ukasema sawa, lakini iwe imefungiwa, asiisikie mtu isipokuwa mwanamke aliyezaa wawili na hana wa kumwimbia. Dada Leonia akaweka kiganja kichwani kwa Doto, akaapa. Hakuna aliyemwambia aape. Aliapa mwenyewe, ndipo ukaurudia.

Basi chuo kikafanya jubilei. Maturubai yakafungwa uwanjani, spika zikapangwa kama ukuta, jikoni tukapika pilau tangu asubuhi. Mimi nilikuwa natembeza soda. Kulwa na Doto niliwaacha jikoni kwa Wande. Huyu Wande ni msaidizi wa wapishi, binti wa Kisukuma kama sisi, yatima, kalelewa na masista, na tumbo lake lilikuwa kubwa mpaka tunamtania kwamba kameza sufuria.

Mgeni rasmi akakaa. Dada Leonia akapanda jukwaani kusoma historia ya kile chumba. Alisoma vizuri, Mama. Habari za yule mwalimu wa baiskeli, habari za paa kuvuja, habari za magazeti kwenye kamba. Nilisimama na kreti langu nikajivuna, nikasema moyoni, huyu ni wangu. Kisha akasema, "Na sasa, ndugu mgeni rasmi, msikie hazina yenyewe ikiongea. Sauti ya bibi mmoja wa kijijini, jina lake halikupatikana."

Nikakusikia.

Mwanzo sikuelewa. Nilidhani umekuja. Niligeuka kukutafuta kwa macho, haki ya Mungu, nikatazama getini nikitegemea kuona kitenge chako. Halafu nikaona wanafunzi wanainuka kucheza. Wasiojua Kisukuma walikuwa wakipiga makofi kwa mdundo, mgeni rasmi naye akitikisa kichwa kama yuko kanisani. Wanaojua ndio walioniua. Mwanafunzi mmoja alikuwa anawatafsiria wenzake neno kwa neno, wanashikana mabega kwa kicheko. "Duh! Bibi ana mdomo huyo! Ametukana mpaka spika inaona aibu!" Mwingine akasema, "Huyo atakuwa alilewa, sio bure." Mlinzi wa geti, mzee wa watu, alivua kofia akatazama chini. Kule jikoni Wande alijifunika uso kwa khanga.

Na mgeni rasmi akasema kwenye kipaza sauti, "Rudieni, rudieni huo!"

Walipoanza kurudia, kijana wa muziki akauwekea ngoma ya disko chini yake. Nikaweka kreti chini. Nikamwendea.

"Zima."

"Nani kasema, sista?"

"Mimi. Huyo ni mama yangu."

Akanitazama usoni, akazima. Watu wakageuka. Dada Leonia alikuwa pale juu, ameshika karatasi zake, tumetazamana. Nilingoja aseme neno moja tu. Akasema, "Samahani ndugu wageni, ni tatizo dogo la umeme." Wakacheka, wakapiga makofi, pilau likagawiwa.

Mpaka sasa sijui lipi lilinikata zaidi. Angekutaja jina, ungeaibishwa. Kwa kutokukutaja, alikufuta, wakati binti yako amesimama pale pale na soda za wageni. Sikupata upande wa kushika.

Kesho yake nilimfuata chumbani kwake. Alikuwa anafuta meza iliyokwisha kuwa safi. Hakunikaribisha kiti wala sikukaa.

Akaanza yeye. "Kabula, walitaka kukifunga. Walikuwa wameshapima ukubwa wa chumba ili kiwe cha kompyuta. Nilihitaji kitu kimoja cha kumwamsha yule mgeni. Na ameamka, ametoa neno lake kwamba chumba kibaki. Vitu vyote hivi vimepona kwa sababu ya mama yako."

"Mama yangu hakuombwa."

"Ningemwomba angekubali?"

"Asingekubali."

"Sasa unaona."

"Naona, dada. Kanda za wazee wale zimejaa kabati, wametoa kwa hiari yao, nyimbo za kulima, nyimbo za harusi. Kwa nini hukupiga hizo?"

Akasema, "Zimelala. Watu wangesinzia. Ule wa mama yako una damu." Akasema hivyo kama mtu anayesifu nyama buchani.

Nikamwuliza lile lililokuwa likinisumbua tangu usiku wa kuamkia siku ile. "Yule pacha wako aliyebaki, yuko wapi? Miaka yote hii sijamwona."

Aliweka kitambaa chini. Alikaa. Akasema polepole kwamba hakuzaa mapacha. Hakuzaa kabisa, Mama. Hospitali zote amemaliza. Siku ile alisikia kicheko chenu mlangoni, na wengine wote wanaingia, akaona hawezi kubaki nje tena. "Ningesema kweli," akaniuliza, "mama yako angenifungulia?"

Nilimwonea huruma, sikatai. Mtu aliyembeba mwanangu mgongoni wakati nimelala sijiwezi, siwezi kumtazama kama jiwe. Lakini nilimjibu, "Asingekufungulia. Angekupa kigoda nje, na maziwa, na angekaa na wewe baadaye. Mlango ungekuwa mlango, na wewe ungekuwa dada yangu."

Nikamwambia afute sauti yako mbele yangu. Akakataa kwanza, akasema imeshakuwa mali ya chuo. Nikasimama tu. Mwisho akaifuta, kwenye kompyuta na kwenye kile kidude alichochukulia, machozi yanamdondoka kwenye vidole. Akasema iliyoko kwenye simu za watu hawezi kuifuata. Hilo ni kweli. Hatuwezi mimi wala yeye. Nikamrudishia ufunguo wa chumba. Kazi sijaacha, watoto wanakula kwa kazi hiyo, ila sasa nafuta vumbi vitabu vya chini tu. Salamu tunapeana, basi.

Kwa hiyo, Mama, ukiletewa simu ukajisikia, usikimbilie jikoni kujificha. Utajua mwenyewe la kusema, lakini mimi naona useme, ndiyo, ni mimi, nilikuwa nawalinda wajukuu wangu, wewe unacheka nini? Na Baba nadhani atakuelewa. Baba ndiye aliyetukanwa wa kwanza kwa wimbo huo, Masanja na mwenziwe aliyeruka walipozaliwa, na wewe ulisema aliupokea huku anacheka. Wifi, umsaidie hapo. Usimwache peke yake uani.

Nilikuwa nimeamua kuuliza kama wimbo umekwisha kuharibika, kama bado unafaa kuimbwa baada ya kupita kwenye spika na disko. Lakini kabla sijamaliza kuandika barua hii, jambo likatokea.

Wande amejifungua. Wawili, wa kike na wa kiume. Tulikuwa tunamtania, kumbe ni kweli. Wapishi wakanifuata kwenye maktaba, "Mama Kulwa, Wande anakuita. Anasema hana mtu wa mlangoni." Nikawaambia kule juu hakuna kitu tena, kimefutwa. Mpishi mkubwa akanitazama kama nimechanganyikiwa. "Nani kasema juu? Kasema wewe."

Nikaenda na watoto wangu kwa Wande. Anakaa Butimba, chumba cha kupanga, mlango wa mabati. Mama Shija alikuja, na wanawake wengine wawili wanaofaa. Nikauliza kama ulivyouliza wewe. Nikaanza, na nakwambia kweli, neno la kwanza nilisikia lile disko likidunda nyuma yake. Nikaendelea hivyo hivyo. Nilipofika pale pa kuutukana mlango, Wande akacheka kule ndani kitandani, na lile disko likanyamaza. Beti ya tatu niliisahau, nikaweka matusi yangu mwenyewe ya kumtukana mwenye nyumba. Yalikaa vizuri sana. Mama Shija anasema wewe ungeyakubali.

Tukiwa katikati, dada Leonia akatokea na kilo ya sukari na khanga mbili. Hakupiga hodi. Alisimama kwenye kona ya nyumba. Wanawake wakaacha kuitikia, wakanitazama mimi, kwa sababu siku ile mlango ulikuwa wangu. Nikamwendea. Nikapokea sukari, nikapokea khanga, nikamshukuru kwa niaba ya Wande. Kisha nikaenda kwa jirani nikaazima kigoda, nikakiweka kivulini, nje, mbali kidogo. Alikitazama. Akakaa. Doto, asiyejua lolote, akamkimbilia na kumpandia mapajani, wala hakumwuma. Sikumwita mtoto. Nikarudi mlangoni, nikaendelea na wimbo, na sauti sikuipunguza wala sikuipandisha.

Njoo, Mama, mgongo ukitulia. Beti ya tatu nataka niipate kwako, mdomo kwa mdomo.

Baba mpe shikamoo yangu, na umwambie ng'ombe mwenye baka jeupe asimuuze bila kunipigia picha. Kaka Masanja msalimie kama kaka mkubwa anavyosalimiwa, lakini wifi umfichie simu siku za mnada, hapo mjini mtandao ni mwingi. Shangazi Holo aliyenifunda mwambie mafunzo bado yanashika. Wewe wifi Minza, asante kwa macho yako na sauti yako. Dagaa kwenye mfuko mweusi ni za Mama, zisipikwe kwa wachungaji.

Na dada Leonia, aliponisikia nasema nakuandikia, aliniomba nikufikishie salamu zake. Sikumwahidi. Nimeziandika hapa ili ujue zipo. Uzipokee au uziache nje, wewe ndiye mwenye mlango.

Mwanao,
Kabula, Mama Kulwa na Doto